Kasongo na Kabambare: Katika msamaha, nani aanze kutembea?

Katika parokia nyingi za Katoliki nchini Kongo, zikiwemo za kusini mwa Maniema, Misa ya Dominika ina dakika chache zinazompima kila mwamini. Mahubiri yamekwisha, Kanuni ya Imani imesaliwa, watu wanainamisha vichwa na kukiri makosa yao. Wakimaliza, wanageukiana na kupeana amani. Baada ya hapo ndipo matoleo yanapelekwa altareni.

Utaratibu huo ni wa Kongo. Katika nchi nyingine, toba hufanyika mwanzoni mwa Misa na amani hutolewa muda mfupi kabla ya komunyo. Maaskofu wa Zaire, kama nchi ilivyoitwa wakati ule, waliomba mpango mwingine, na Roma ikauidhinisha mwaka 1988. Katika mpango huo mwamini anasikia Neno kwanza, anakiri kosa, anapatana na mwenzake, kisha anatoa sadaka. Ni agizo la Yesu katika sura ya tano ya Injili ya Mathayo, kwamba anayekumbuka akiwa altareni kuwa ndugu yake ana neno juu yake aiache sadaka pale pale, akapatane naye kwanza.

Kwa watu wa Kasongo na Kabambare, agizo hilo si jambo jepesi. Mkono unaonyooshwa kanisani unaweza kuwa wa jirani ambaye kaka yake alikuwa porini na Mai-Mai. Unaweza kuwa wa mtu ambaye ukoo wake uliwaonyesha askari njia ya kufika kwenu. Unaweza kuwa wa mtu anayelima leo shamba uliloliacha ulipokimbia. Watu hawa hawaishi mbali. Wanachota maji kisima kimoja na wewe, watoto wao wako darasa moja na wa kwako, na msiba ukitokea mtakutana matangani.

Wahenga walisema yaliyopita si ndwele, tugange yajayo. Lakini kusini mwa Maniema yaliyopita bado ni ndwele kwa watu wengi, na ndwele isiyogangwa huwarithi watoto. Hapo ndipo linapokuja swali ambalo Wakristo wa eneo hili hawawezi kulikwepa: msamaha ni nini hasa, na ni nani anayepaswa kuanza safari ya kwenda kwa mwenzake?

Ardhi yenye makovu mengi

Historia ya eneo hili ni majeraha juu ya majeraha. Kule Nyangwe, kando ya mto Lualaba, palikuwa na soko kubwa lililowavuta watu wa pande zote. Tarehe 15 Julai 1871, watu wenye bunduki wa wafanyabiashara wa pembe na watumwa waliwafyatulia risasi waliokuwa sokoni, wengi wao wanawake. Mamia walikufa, wengine kwa kuzama mtoni. Mmisionari David Livingstone alikuwapo akashuhudia. Alikuwa amefika Nyangwe akitokea Kabambare, ambako vidonda vya miguu vilikuwa vimemlaza kwa miezi mingi.

Baadaye Kasongo ikawa makao makubwa ya himaya ya Tippu Tip, yaani Hamed bin Muhammed el-Murjebi. Mwaka 1893 majeshi ya Mfalme Leopold wa Ubelgiji yaliuteka mji huo. Mabwana walibadilika, lakini kazi ya kulazimishwa na kiboko vikabaki.

Mwaka 1964 wakaja waasi wa Simba. Wengi wao walikuwa vijana wa Kongo yenyewe, na mara nyingi waliowaua walikuwa Wakongo wenzao: karani, mwalimu, mtu aliyejua kusoma. Kati ya 1998 na 2003 mji wa Kasongo ulikuwa mikononi mwa RCD iliyoungwa mkono na Rwanda, huku vijiji vingi vikiwa chini ya Mai-Mai. Mwanakijiji alishukiwa na pande zote mbili. Akienda mjini kutafuta chumvi aliitwa mpelelezi, na akibaki kijijini aliitwa mwasi.

Kisha ikaja dhahabu. Mgodi wa Namoya, karibu na Salamabila wilayani Kabambare, ulianza uzalishaji wa kibiashara mwaka 2016 chini ya kampuni ya Banro ya Kanada. Ukafuata mvutano kati ya kampuni, wachimbaji wadogo, wenyeji na kundi la silaha la Malaika. Watu walikufa, watu walikimbia, na kila upande una hesabu yake ya waliopotea.

Hata hivyo, katika nchi hii kuna jambo moja ambalo ni rahisi kulipita bila kulitazama. Kiswahili, lugha ambayo Wakristo wa Kasongo wanasalia, kilifika hapa pamoja na misafara ile ya pembe na watumwa. Lugha ya waliofunga watu minyororo imekuwa lugha ya Baba Yetu. Uislamu nao ulifika kwa njia hiyo hiyo, na leo Maniema ni miongoni mwa mikoa ya Kongo yenye Waislamu wengi zaidi. Wajukuu wa waliokamata na wajukuu wa waliokamatwa wameoana, na wanazikana. Hakuna mkutano uliowahi kutangaza upatanisho huo. Ulifanywa na watu wa kawaida, kidogo kidogo, kwa vizazi kadhaa.

Askofu aliyepita Kasongo

Jimbo Katoliki la Kasongo lilianza kama vikarieti ya kitume mwaka 1952, na mwaka 1959 likapandishwa kuwa jimbo kamili. Miongoni mwa maaskofu wake yuko mmoja ambaye jina lake linatajwa sana pale amani ya mashariki ya Kongo inapozungumzwa: Christophe Munzihirwa, Mjesuiti, aliyeliongoza jimbo hilo kuanzia mwaka 1990, na baadaye akawa Askofu Mkuu wa Bukavu.

Munzihirwa hakuwa mtu wa kuhubiri akiwa mbali. Mwaka 1971, serikali ya Mobutu ilipowaingiza jeshini kwa nguvu wanafunzi wa chuo kikuu, yeye kama padri wao aliomba aandikishwe pamoja nao. Mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipomiminika Bukavu, aliwatetea kama binadamu bila kuficha uovu uliokuwa umetendwa Rwanda. Aliwakaripia wenye silaha wa pande zote, na hakuna upande uliompenda kwa hilo.

Jioni ya tarehe 29 Oktoba 1996, vita vilipoingia Bukavu, aliuawa barabarani. Alikuwa na msalaba mkononi. Mwili wake ulikaa pale zaidi ya siku nzima kabla ya kuchukuliwa.

Kuna neno lake ambalo watu wa mashariki bado wanalikumbuka: kwamba yapo mambo yanayoonekana tu kwa macho yaliyolia. Msamaha ni mojawapo ya mambo hayo. Anayeuhubiri bila kulia pamoja na aliyeumizwa huwa anauza kitu asichokijua bei yake.

Damu ya Fizi na Isiro

Mashariki ya Kabambare kuna Fizi, upande wa Kivu Kusini. Tarehe 28 Novemba 1964, kiongozi wa waasi wa Simba aliyeitwa Abedi Masanga alifika misheni ya Baraka na kumuua Bruda Vittorio Faccin. Padri Luigi Carrara alikuwa kanisani akiungamisha waamini. Alipotoka na kuamriwa aingie garini, alipiga magoti kando ya maiti ya mwenzake, akauawa hapo hapo. Siku hiyo hiyo, huko Fizi, waliuawa Padri Giovanni Didonè na padri Mkongo, Albert Joubert. Mnamo tarehe 18 Agosti 2024, mjini Uvira, Kardinali Fridolin Ambongo aliwatangaza wote wanne kuwa wenyeheri.

Siku tatu baada ya mauaji yale, mjini Isiro, kaskazini mashariki ya nchi, Sista Anuarite Nengapeta aliuawa na afisa wa Simba, Pierre Openge Olombe, kwa sababu alikataa kuwa mwanamke wake. Kabla ya kukata roho alimwambia kwamba anamsamehe. Papa Yohane Paulo II alipomtangaza mwenyeheri mjini Kinshasa, tarehe 15 Agosti 1985, naye alitamka msamaha kwa muuaji huyo kwa jina la Kanisa.

Mara nyingi tunasimulia habari ya Anuarite kana kwamba msamaha wake ulikuwa upole tu. Tuitazame vizuri. Alikataa, akakataa tena, na akauawa akiwa bado anakataa. Hakumwambia Olombe kwamba alichofanya si kitu. Alikiita kosa, ndiyo maana kilihitaji kusamehewa. Msamaha wa Kikristo haugeuzi uovu kuwa wema. Unausema uovu kwa jina lake, kisha unakataa kuulipa kwa uovu mwingine.

Msamaha wa bandia

Tarehe 1 Februari 2023, Papa Fransisko aliadhimisha Misa katika uwanja wa ndege wa Ndolo, Kinshasa, mbele ya watu zaidi ya milioni moja. Aliwaomba Wakongo waipe mioyo yao msamaha mkubwa, waitoe hasira na kinyongo. Siku hiyo hiyo alikutana na waathirika wa vita kutoka mashariki. Walisimulia mbele yake waliyotendewa, wakaweka chini ya msalaba panga, kisu na vitu vingine vilivyokuwa alama za mateso yao, kisha wakatamka kwamba wanasamehe.

Tuuangalie mfuatano wa mkutano ule. Walisimulia kwanza, wakasikilizwa. Msamaha ulikuja baada ya ukweli.

Katika vijiji vyetu mara nyingi mambo huenda kinyume. Binti anabakwa, wazee wa pande mbili wanakaa chini ya mti, mbuzi wanatolewa kwa baba yake, na jioni inatangazwa kwamba watu wamesameheana. Ni nani aliyesamehe? Binti hakuulizwa. Sheria ya Kongo ya mwaka 2006 ilikaza adhabu za ubakaji, lakini mapatano ya namna hiyo bado yanafanyika, na wakati mwingine anayeyabariki ni mtu wa Kanisa. Hakuna anayeweza kusamehe kwa niaba ya mwingine. Baba anaweza kusamehe aibu yake mwenyewe. Maumivu ya binti si mali yake.

Serikali nayo ina aina yake ya kusamehe. Sheria ya msamaha ya Februari 2014 iliwafutia mashitaka watu walioshika silaha, lakini iliacha nje mauaji ya kimbari, uhalifu wa kivita, uhalifu dhidi ya binadamu na ubakaji. Kabla yake, Tume ya Ukweli na Upatanisho iliyozaliwa na mapatano ya Sun City, na kuongozwa na askofu Mprotestanti Jean-Luc Kuye, ilimaliza muda wake mwaka 2006 bila kuwaletea wananchi ukweli walioungojea. Mwaka 2022 ilipitishwa sheria ya fidia kwa waathirika, na mfuko wa FONAREV ukaundwa kwa kazi hiyo.

Mkristo hana sababu ya kuziona hatua hizo za mahakama na fidia kama adui wa msamaha. Unaweza kumsamehe mtu na bado ukatoa ushahidi mbele ya hakimu. Kusamehe ni kuacha kisasi, na mahakama inapofanya kazi yake vizuri inamsaidia mtu kuacha kisasi.

Nani aanze?

Turudi sasa kwenye agizo la Mathayo sura ya tano. Wahubiri wengi hulisoma wakimtazama aliyekosewa: samehe, mama, ondoa kinyongo, usije ukaikosa mbingu. Lakini anayeambiwa aache sadaka na kutembea ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Kwa maneno mengine, ni mkosaji. Yeye ndiye anayetoka kanisani, anapita njia yote hadi mlango wa mwenzake, anabisha hodi na kusema alichofanya.

Zakayo alilielewa hilo. Yesu alipoingia nyumbani mwake, hakuishia kusema samahani. Aliahidi nusu ya mali yake kwa maskini, na kumrudishia mara nne kila aliyemdhulumu. Hata katika sakramenti ya kitubio, pamoja na majuto na maungamo kuna malipizi. Aliyeiba anarudisha, na aliyemchafulia mwingine jina anakwenda kulisafisha. Kwa Kabambare, malipizi yanaweza kuwa kuliachia shamba, kuonyesha mahali mtu alipozikwa, au kusema mbele ya wazee kwamba fulani hakuwa mchawi wala mpelelezi, tulimsingizia.

Je, aliyekosewa naye? Hana budi kungoja? Petro alipouliza idadi ya mara za kusamehe, Yesu alimpa hesabu isiyokuwa na mwisho, kisha akasimulia habari ya mtumwa aliyefutiwa deni kubwa akaenda kumkaba koo mwenzake kwa deni dogo. Tunasamehe kwa sababu nasi tumesamehewa. Kila tunaposali Baba Yetu tunajiwekea kipimo hicho kwa midomo yetu wenyewe.

Kinachosaidia hapa ni kutofautisha kusamehe na kupatana. Kusamehe kunaweza kufanywa na mtu mmoja. Mama ambaye hajui ni nani aliyemuua mwanawe anaweza kuikabidhi kwa Mungu haki ya kisasi, akalala usingizi. Anaweza kuhitaji miaka, na Mungu hamhesabii miaka hiyo kuwa dhambi. Kupatana kunahitaji wawili. Mtu asiyekiri, asiyerudisha, anayeendelea kutisha watu, anaweza kusamehewa moyoni, lakini hakuna anayelazimika kumkaribisha mezani kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kuanzia shirikani

Msamaha haujifunzwi siku ya vita. Unajifunzwa katika mambo madogo, na mahali pake pa kwanza ni nyumbani, kisha katika shirika, jumuiya ndogo ya waamini wa mtaa mmoja. Humo ndimo mna ndugu wawili wasiosalimiana kwa ajili ya kiwanja cha baba, wakwe waliokosana kwa mahari, na bibi aliyeitwa mchawi baada ya mtoto kufa. Shirika linaloshindwa kupatanisha ugomvi wa kiwanja litawezaje kumpokea kijana anayerudi kutoka porini?

Na vijana hao wanarudi. Mpango wa serikali wa kuwanyang'anya silaha na kuwarejesha wapiganaji katika jamii, P-DDRCS, ulianzishwa mwaka 2021. Karatasi ya mpango inaweza kumtoa mtu porini, lakini haiwezi kumfanya jirani amsalimie. Kijana asiyepata wa kumsikiliza wala kazi ya kufanya anaijua njia ya kurudi alikotoka. Kijana anayepokewa bila kuulizwa lolote naye hufundishwa kwamba bunduki haina gharama. Parokia inaweza kufanya yote mawili: kumsikiliza, na kumsindikiza hadi kwa wale aliowaumiza, wakiwa tayari kumwona.

Wakatoliki hawapo peke yao katika kazi hii. Wamethodisti, Waanglikana na Wapentekoste wanasoma Injili ile ile. Waislamu, majirani zetu wengi Kasongo, wana sulhu, desturi ya kuwakalisha waliokosana mbele ya wazee. Padri na imamu wakienda pamoja kwenye nyumba iliyofiwa kwa ugomvi, familia zote mbili zinaelewa kwamba hakuna dini itakayobariki kisasi chao.

Dominika ijayo maandamano ya matoleo yataondoka tena mlangoni mwa kanisa. Akina mama watabeba mchele, mihogo na ndizi, mtu mwingine atabeba kuku. Huenda katika mstari huo yuko mtu anayejua vizuri kwamba shamba lililotoa mchele huo si lake. Anamjua mwenyewe, na anaijua nyumba yake. Kikapu kinaweza kungoja. Aende kwanza.